Faharasa ya tarakilishi inapokosa kuijua lahaja ya Kiamu

UKIANDIKA neno katika kisanduku cha kutafutia cha tovuti, usidhani tarakilishi inakimbia kusoma kurasa zote papo hapo. Inachungulia faharasa iliyotayarishwa mapema: neno hili limo ukurasa wa 4, wa 19 na wa 72, basi. Lisiloingia katika faharasa hiyo halipo, hata kama limeandikwa mara mia kwenye kurasa zenyewe.

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikitunza faharasa ya tovuti ndogo ya matini za Kiamu: hadithi, mashairi, masimulizi ya wavuvi na mafundi wa majahazi. Faharasa hiyo huundwa na skripti ya sheli. (Sheli hapa si kile kituo cha mafuta ambacho majirani zetu Watanzania hukiita hivyo. Ni programu inayopokea amri tunazoichapia tarakilishi.) Skripti ni faili yenye amri hizo zikiwa zimepangwa moja baada ya nyingine. Yetu haizidi mistari arubaini. Inachukua kila ukurasa, inaondoa alama za mapambo, inageuza herufi kubwa kuwa ndogo, inatenganisha maneno, inatupa yale ya kawaida mno kama "na" na "ya", kisha inayapanga yaliyosalia kialfabeti pamoja na anwani za kurasa zake.

Baadhi ya wenzangu katika taaluma ya lugha huniambia hiyo ni kazi ya mafundi wa kompyuta. Mimi nakataa. Karibu kila mstari wa skripti hiyo ni uamuzi wa kiisimu, na asiyeijua lugha ataamua kwa mazoea ya Kiingereza.

Hebu tutazame kutenganisha maneno. Amri kama tr na sort zilianzia katika maabara za Bell nchini Marekani miaka ya 1970, na alfabeti iliyokuwa akilini mwa waliozibuni ni ya Kiingereza. Fundi akiagiza kwamba kisicho herufi kati ya a na z ni mpaka wa neno, ng'ombe anachinjwa vipande viwili: "ng" na "ombe". Ukiiruhusu ritifaa ipite, unakuta simu nyingi huweka iliyopinda badala ya iliyonyooka. Kwa tarakilishi hizo ni alama mbili tofauti, hivyo ng'ombe wa simu si ng'ombe wa kompyuta. Maandishi ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, ambayo Amu iliyatumia karne nyingi, ndiyo huangamia kabisa. Herufi moja ya Kiarabu huchukua baiti mbili, na tr inayopatikana katika Linux nyingi huhesabu baiti, si herufi. Utenzi mzima unapita hapo na kutoka mtupu.

Sasa njoo kwenye orodha ya maneno ya kutupwa. Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Langoni, aliniandikia: "Mwalimu, nimetafuta 'ina' nikaambiwa hakuna kitu. Kwani watu wa Amu hatuna majina?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Katika Kiamu, jina ni "ina". Orodha tuliyorithi ilitokana na Kiswahili sanifu, ambamo "ina" ni kijineno cha "nyumba ina mlango", kwa hivyo skripti ilikuwa ikilifyeka kila mahali. Dawa ilikuwa kuupa kila ukurasa lebo ya lahaja na kila lahaja orodha yake. Ndiyo, Kiamu nacho kina "ina" ya kumiliki, kwa hivyo majibu huja na makapi mengi. Nimekubali makapi.

Pana waliopendekeza njia ya mkato: tuyageuze matini yenyewe yawe sanifu, mambo yaishe. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji, ilhali kaskazini ndiko tenzi nyingi kongwe zilikoandikwa. Mwana Kupona alitunga utenzi wake mwaka 1858 bila kumwomba mtu ruhusa ya tahajia. Leo tukiigeuza "ndia" kuwa "njia" ndani ya matini, tutakuwa tumekifuta Kiamu mara ya pili, na safari hii kwa mashine, usiku, bila hata mkutano.

Njia nyingine ni kuyaacha matini yalivyo na kuweka kanuni kwenye faharasa tu. Hapo nilitarajiwa kuandika mstari mmoja wa amri ya sed: kila "j" ya sanifu ilingane na "y" ya Kiamu. Ni kweli jua ni "yua", jana ni "yana", moja ni "moya". Lakini maji ni "mai" na mji ni "mui". J imetoweka kabisa. Njaa ni "ndaa". Na jahazi, lililotoka ng'ambo, haliwi "yahazi" hata siku moja. Vivyo hivyo "ch": macho ni "mato" na nchi ni "nti", ila chanda hakiwi "tanda". Msemaji wa Mkomani anazijua tofauti hizi tangu utotoni, sed haizijui.

Kwa hivyo pana jedwali, faili ya kawaida yenye safu mbili, Kiamu na sanifu, inayojazwa neno kwa neno. Ukurasa wenye "mai" huingizwa chini ya "mai" na chini ya "maji", nayo matini hayaguswi. Jedwali hilohilo ndilo pekee linaloweza kumfikisha anayetafuta "jahazi" kwenye "sambo", neno ambalo marehemu Ahmed Sheikh Nabhany alilitumia katika jina la utungo wake, Sambo ya Kiwandeo. Hakuna kanuni ya sauti itakayokutoa kwenye jahazi hadi kwenye sambo. Lazima awepo mtu anayejua.

Baya zaidi ni kwamba skripti ikiharibika haipigi kelele. Mwenye seva husasisha programu, utaratibu wa alfabeti unabadilika, nayo inaendelea kutoa faharasa iliyo nusu. Ndiyo maana yetu sasa huandika faharasa mpya pembeni, kisha huiuliza maneno kumi, miongoni mwao "ng'ombe", "ina", "mai", "ndia" na "sambo". Likikosekana hata moja, ile ya zamani inabaki mahali pake nami natumiwa ujumbe.

Juzi niliongeza la kumi na moja: "ndoo". Kwa Kiamu ni njoo; kwa sanifu ni chombo cha kuchotea maji. Anayelitafuta kwa sasa anapewa yote mawili, achague mwenyewe.