Damu ya Mgonjwa wa Kiharusi na Habari Iliyomo Ndani Yake

Swali la kwanza ambalo jamaa humwuliza tabibu, baada ya kuarifiwa kwamba mgonjwa wao amenusurika na kiharusi, aghalabu si juu ya mshipa ulioziba wala juu ya dawa, bali ni hili: je, atatembea tena, na ule mkono uliolegea utashika kijiko? Kulijibu kwa yakini ni taabu, kwa maana wagonjwa wawili waliolazwa siku moja, na dalili zao zikilingana, yamkini baada ya miezi sita mmoja akawa yu shambani ilhali mwenziwe hajatoka kitandani. Ndiyo sababu wataalamu wamekuwa wakitafuta ndani ya damu alama za kuwaongoza.

Mojawapo ni protini iitwayo nyurofilamenti nyepesi, ambayo kazi yake ni kuutegemeza ule uzi mrefu wa seli ya neva. Uzi huo ukifa kwa kukosa damu, protini hiyo humwagika katika maji yauzungukayo ubongo, na sehemu yake hupenya hadi kwenye damu, kwa kadiri ndogo mno hata vipimo vya zamani havikuweza kuidiriki. Hupanda siku baada ya siku, ikabaki juu kwa miezi. Na kwa jumla kadiri inavyozidi ndivyo ulemavu unavyohofiwa. Nyingine ni kopeptini, ambayo mwili huitoa upatapo dhiki kubwa: matabibu wa Basel, nchini Uswisi, walionyesha mwaka 2009 kwamba wingi wake, ukipimwa mapema, huambatana na hatari ya kufa au kubaki na ulemavu miezi mitatu baadaye.

Hata hivyo uzee nao huipandisha nyurofilamenti, na figo dhaifu vilevile, basi hesabu ya bibi mwenye figo dhaifu haisomwi kama ya kijana. Fauka ya hayo, kuna kipimo kisichohitaji sindano wala maabara. Watafiti wa Uholanzi walitangaza mwaka 2010 kwamba wagonjwa ambao, ndani ya saa 72, waliweza kuuinua mkono kutoka begani na kunyosha vidole japo kidogo, 98 katika kila 100 walirudiwa na ustadi fulani wa mkono baada ya miezi sita. Kwangu mimi hili lina uzito kuliko namba ya maabara, madhali damu hutuarifu kilichoharibika, na kile kidole kinachotikisika hutuonyesha njia iliyosalia kati ya ubongo na mkono; alama za damu zifaidishe pale ambapo mgonjwa amezimia au hawezi kufuata amri.

Na katika wale walioshindwa kufanya yote mawili, 25 katika kila 100 walirudiwa na ustadi huo pia. Kwa hiyo namba mbaya, iwe ya damu au ya kidole, si hoja ya kumnyima mtu mazoezi ya viungo.