Mpinzani dhaifu haongezewi kete

RUMONGE – Mfanyabiashara anayesubiri mashua ana muda wa mchezo mmoja au miwili. Mwenyeji atamkaribisha kwenye ikibuguzo, ambacho Rwanda hukiita igisoro. Mgeni wa Kigoma amezoea bao, wa Uganda omweso. Ubao unafanana: mashimo 32 katika safu nne, kete 64, kila mchezaji 32. Sheria ndizo zinazotofautiana, na mara nyingi mgeni humalizwa mapema, akaondoka akiamini kadhulumiwa.

Wenyeji wanaotaka mpinzani mgumu zaidi hufikiria kwanza kumwongezea kete. Hilo halimsaidii. Katika ikibuguzo, kete ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na mashimo mawili ya adui yanayolikabili yote yana kitu, mshambuliaji huzoa yote mawili na kuzisambaza upya kuanzia pale alipoanzia. Kete za ziada mikononi mwa asiyejua kuzilinda ni mali ya mwenzake.

Kinachomfanya mpinzani awe mgumu ni kinga. Shimo la mbele likiwa tupu, la nyuma yake haliliwi hata likijaa. Mchezaji wa bao huumia hapa, kwa sababu kwao safu ya nyuma hailiwi kabisa. Huirundikia kete akidhani ameziweka ghalani, huku ameacha kete mbele yake. Kumweleza jambo hili kabla ya kuanza kunamsaidia kuliko kumpa kete kumi.

Kinga ya pili ni kurudi nyuma. Kete husambazwa kwa kawaida kuelekea upande mmoja. Omweso huruhusu mashimo manne ya mwisho ya kushoto kusambazwa kinyume, mradi hatua hiyo ile kete papo hapo. Ikibuguzo nacho kina mashimo yenye ruhusa ya namna hiyo. Ndiyo maana aliyebakiwa na kete chache bado anaweza kugeuza mchezo, na anayeongoza hawezi kulala.

Kwa hiyo mzoefu akitaka kusawazisha, ajinyime mwenyewe haki ya kurudi nyuma, mgeni abaki nayo. Katika omweso, wanaweza pia kukubaliana kuacha ule ushindi wa moja kwa moja apatao mchezaji anayekula ncha zote mbili za adui katika hatua moja. Sheria hiyo humaliza mwanafunzi kabla hajajifunza lolote.

Wanaotoka nchi tofauti wakubaliane mambo matatu kabla ya kete ya kwanza: safu ipi huliwa, nani anaruhusiwa kurudi nyuma na kutoka mashimo yapi, na mchezo huisha lini. Katika ikibuguzo na omweso, hushindwa asiye na shimo lenye kete mbili au zaidi la kuanzia. Katika bao, safu ya mbele ikiwa tupu, mchezo umekwisha. Wasipoelewana hapo, wawili hao watakuwa wanacheza michezo miwili kwenye ubao mmoja.