NAMBA ISIYOGAWANYIKA

Tuseme mashua imerudi Moa na changu 12, na wavuvi wanataka kugawana sawa. Wakiwa wawili, kila mmoja atapata 6. Wakiwa watatu, kila mmoja 4. Wakiwa wanne, kila mmoja 3. Hakuna ugomvi.

Siku ya pili wamepata changu 13. Wagawane wawili, anabaki samaki mmoja. Wagawane watatu au wanne, bado anabaki mmoja. Wakiwa watano, wanabaki watatu. Hapo maneno yanaanza: "Mgawaji katupunja!" Lakini mgawaji hana kosa. Hiyo ni tabia ya namba 13. Haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa 13 yenyewe.

Namba za namna hii huitwa namba tasa. Mbuzi tasa hazai, na namba tasa haizai mafungu sawa. Namba tasa za mwanzo ni 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Namba 1 haimo.

Tutaitambuaje namba tasa? Tuchukue 97. Tuigawanye kwa 2, kwa 3, kwa 5 na kwa 7. Kila mara kuna baki. Basi, tunaishia hapo. Inayofuata ni 11, na 11 mara 11 ni 121, imekwisha pita 97. Kwa hiyo 97 ni tasa.

Namba tasa hazina mwisho. Euclid, Mgiriki wa kale, alithibitisha hivyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 2024 Mmarekani Luke Durant aligundua kubwa kuliko zote zilizojulikana wakati huo. Ina tarakimu 41,024,320! Ukitaka kuipata, andika 2 mara 136,279,841, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1.

Je, namba tasa zina faida gani? Hebu zidisha 89 kwa 97. Utapata 8,633 upesi. Sasa mpe mwenzako 8,633 tu, atafute zile mbili. Atataabika. Zikiwa na mamia ya tarakimu, hata kompyuta hushindwa. Mwaka 1977 wataalamu watatu, Rivest, Shamir na Adleman, walitumia ugumu huo kutengeneza kufuli ya siri. Kufuli za namna hii hulinda habari zinazopita kati ya kompyuta, zikiwemo za benki.

Lakini tukumbuke, ndugu wasomaji: kufuli haimsaidii mtu aliyempa mwizi ufunguo. Namba yako ya siri ya simu au ya benki usimtajie mtu, hata akisema yeye ni mfanyakazi wa huko.

JARIBU MWENYEWE
1. Je, 91 ni namba tasa? Usikimbilie kujibu. Jaribu kuigawanya kwa 7.
2. Je, 101 ni namba tasa?
3. Wavuvi watano wana samaki 23. Watabaki wangapi?