Baba Yanga, Mtoto Ndanda, Baiskeli Moja!

Mimi huku kusini ni mzima wa afya, isipokuwa mapaja tu. Mapaja yanauma kwa sababu kusi imekaza, na mwenzio kila siku ya kazi nanyonga baiskeli kutoka Mikindani kuja Mtwara mjini, kilomita kumi na ushee, halafu jioni narudi.

Kama hujawahi kukutana na kusi ukiwa juu ya baiskeli, wee acha tu. Asubuhi upepo unakupiga kifuani kana kwamba una deni naye. Bahari iko mkono wa kushoto, mikoko imesimama kimya, wewe unanyonga na mnazi wa mbele yako hausogei. Jioni ndiyo raha. Upepo ule ule unakusukuma mgongoni mpaka unajiona umefunga injini, unawapungia mkono watu wa bodaboda. Ikiingia kaskazi, kuanzia Desemba hivi, mambo yanageuka: asubuhi unateleza, jioni unalia.

Njiani siko peke yangu. Kuna wachuuzi wa samaki na matenga yao kwenye keria, wamefungia mpira wa tyubu kuukuu. Hawa wazee usiwadharau hata kidogo. Wiki iliyopita mmoja alinipita akiwa na tenga limejaa, mimi nikiwa na mfuko wa chapati tu.

"Shikamoo babu," nikamwambia, pumzi imekatika.

"Marahaba mjukuu wangu. Vipi, unanyonga au unaomba dua?"

Akapotea zake.

Lakini adui yetu mkubwa siyo upepo. Ni malori. Korosho zikianza kushuka bandarini, na yale makaa ya mawe yanayotoka huko Songea kuja kupakiwa melini, yote yanapita lami hii hii moja. Lori likikupita kwa karibu, kwanza linakuvuta, halafu linakusukuma. Ukiwa mgeni unaweza kujikuta kwenye mtaro huku unashangaa nani kakutupa. Shati jeupe ndiyo sahau kabisa. Watu wa Mikindani hupenda kuwaambia wageni kwamba David Livingstone alianzia hapa kwetu safari yake ya bara mwaka 1866, kwa miguu. Huwa nawaza, mzungu yule alikuwa na akili. Hakukuwa na lori.

Sasa utaniuliza, kwa nini nisipande daladala kama watu wengine? Sababu ya kwanza ni nauli, hilo halina siri. Nauli yangu ya mwezi inanunua tairi na tyubu, na chenji ya soda inabaki. Sababu ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu leo. Baiskeli hii niliipata kwa mpira.

Tuelewane kwanza. Mjini shabiki aliyekubuhu anaitwa mnazi. Kwetu Mtwara neno hilo lina uzito wake, maana tuna minazi ya kukwea, tuna Mnazi Bay inayotoa gesi, na tuna minazi ya kandanda. Ya aina hii ya mwisho ndiyo mingi kuliko yote, lakini mingi mizizi yake iko Dar es Salaam. Mtoto anazaliwa hospitali ya Ligula, hajafungua macho, tayari ameshaambiwa yeye ni Simba au ni Yanga. Timu zenyewe ziko umbali wa kilomita 560 hivi, na kabla ya daraja la Mkapa pale Rufiji kufunguliwa mwaka 2003 ilibidi basi lisubiri kivuko. Mapenzi ya mbali kiasi hicho, jamani!

Baba yangu ni Yanga wa namna hiyo. Kwa miaka yote hiyo alikuwa anachukua samaki Feri, hapa Mtwara mjini, na kuwatembeza mitaani kwa baiskeli yake aina ya Phoenix. Ile Phoenix ndiyo iliyotulisha na kunilipia ada. Kwenye fremu alikuwa amezungushia utepe wa njano na kijani, na ukimgusia Simba anaweza kukunyima chenji.

Halafu ikaja Ndanda.

Kumbuka mwaka 2013 mji huu ulikuwa kwenye majonzi. Vurugu za gesi za Januari na Mei zilituachia maduka yamefungwa, watu wameumia, wengine wamepoteza maisha. Ukiwa kijana wa Mtwara na ukaenda popote, watu walikuuliza habari ya bomba tu. Mwaka uliofuata, 2014, Ndanda FC ikapanda Ligi Kuu. Kwa mara ya kwanza jina la mji wetu likasomwa redioni bila neno vurugu pembeni yake. Mechi ya ufunguzi, Septemba 2014, vijana wakaenda Shinyanga wakawachapa Stand United mabao 4-1. Nilikuwa na miaka 15. Nilikimbia barabarani peku peku, nikapiga kelele ile ile iliyokuwa inapigwa kila kona: Kucheleee! Kwa wasiojua, kuchele ni kumekucha kwa kilugha cha kwetu, na ndiyo maana timu inaitwa Wanakuchele.

Basi nikawa mnazi wa Ndanda. Nyumba moja, redio moja, timu mbili. (Simba nayo naipenda kidogo, ila usimwambie mtu.)

Siku yenyewe ninayotaka kukusimulia ni Jumamosi, tarehe 9 Mei 2015. Mechi za mwisho za msimu. Yanga walikwishabeba ubingwa Aprili, wanakuja Mtwara kumalizia ratiba. Sisi tuko pabaya, tukipoteza tunaweza kushuka tukiwa hata mwaka mmoja hatujafikisha. Asubuhi pale kijiwe cha kahawa wazee wakaanza utani. Baba, huku kikombe mkononi, akasimama mbele ya watu wote akasema:

"Ndanda yenu ikitufunga leo, hii baiskeli namkabidhi mwanangu. Mashahidi ni nyie."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa kidato cha tatu, naenda shule kwa miguu, na ile Phoenix nilikuwa nairuhusiwa kuipiga maji tu, kuipanda mpaka nitumwe.

Mchana tukaondoka nayo wote wawili. Nani anyonge? "Wewe ndiye kijana," akasema mzee, akakaa kwenye keria na jezi yake ya njano, na bendera ya Yanga mkononi. Msomaji wangu, kusi ilikwishaanza. Ile bendera ikawa tanga, tanga lenyewe la kuturudisha Mikindani! Nikamwomba aikunje. Akakataa katakata. Yaani nilinyonga kilomita zote zile nikiwa nimembeba baba yangu, bendera ya adui na upepo juu. Mgongoni nasikia anaimba.

Ukaribiapo uwanja siku ya mechi kubwa ndipo unajua Mtwara ni mji wa baiskeli. Zilikuwa zinatoka Naliendele, zinatoka Ziwani, nyingine zimevushwa na watu wa Msangamkuu, nyingine zimetoka vijiji vya huko chini karibu na mto Ruvuma, waendeshaji wamejaa vumbi mpaka kope. Vijana wa mtaani wanazipanga ukutani, wanakupa kipande cha boksi kilichoandikwa namba, na kipande kama hicho wanakifunga kwenye usukani. Ukipoteza kipande chako, kasheshe.

Uwanja unaitwa Nangwanda Sijaona, jina la mzee Lawi Nangwanda Sijaona, mtu wa kusini aliyekuwa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Siku ile jina lilinifaa kweli, maana nilichokiona sijaona tena. Tuko Mtwara, timu ya Mtwara inacheza, na majukwaani njano na kijani kila upande kana kwamba uko Jangwani, Dar es Salaam. Watu ninaowafahamu, wauza nazi, mafundi cherehani, hata mwalimu wangu mmoja, wote wamegeuka wageni kwenye mji wao. Nilijisikia vibaya, sitaki kudanganya. Hivi mtu anakaa Chikongola, anakunywa maji ya Mtwara, timu ya mji wake iko kwenye mstari wa kushuka, yeye anashangilia bingwa ambaye hata akifungwa halipungukiwi kitu! Mpaka leo jambo hili sijalielewa, na nimeshagombana nalo na marafiki wengi.

Bao lenyewe sikuliona vizuri. Mbele yangu alisimama jibaba moja lenye kofia pana, nikasikia tu mlipuko, nikajua ni sisi kwa sababu waliolipuka walikuwa wachache na wenye wazimu. Nikaruka. Baba akanivuta shati.

"Kaa chini, unaniziba."

"Baba, goli!"

"Nimeliona. Kaa chini."

Ikaisha 1-0. Polisi Morogoro na Ruvu Shooting ndio walioshuka, Wanakuchele tukabaki. Watu wakaingia uwanjani, wazee wa Kimakonde wakatimua vumbi kwa ngoma, na ghafla wale waliokuwa na njano mchana nikawaona wamevua jezi, nao wanaimba kuchele. Haya bwana.

Tulipotoa kile kipande cha boksi na kupewa Phoenix yetu, mzee hakusema neno. Akakaa kwenye keria, bendera ameikunja safari hii, ameiweka kwapani. Nikanyonga. Kusi iko mgongoni, jua linazama, barabara imejaa kengele za baiskeli, na mimi naogopa kufurahi kwa sauti. Nilikuwa nawaza kwamba ahadi ya kijiweni ni maneno ya kahawa tu. Baiskeli ndiyo jiko letu. Mtu mzima atampaje mtoto jiko?

Nusu ya njia, kimya bado. Halafu nikasikia nyuma yangu:

"Baiskeli yako breki ya nyuma imelegea. Kesho umwone fundi."

Nilikaribia kutuangusha wote wawili.

Kesho yake alfajiri, kabla ya adhana, mlango ukagongwa. "Bwana mdogo, naomba unikopeshe baiskeli yako nikimbie Feri." Ikawa hivyo kila alfajiri, mpaka nilipomaliza shule. Anaiomba, namruhusu, anairudisha muda wa mimi kwenda darasani, kama inanukia samaki basi inanukia. Wenzangu walinipa jina ambalo gazeti haliwezi kulichapa. Kumtoza kodi ya baiskeli? Nimtoze nani, na ugali nakula kwa nani?

Ndanda tukacheza Ligi Kuu misimu sita. Usiichukulie poa. Timu inayotoka Mtwara kwenda Bukoba inavuka nchi nzima kona kwa kona, na mfuko wake si wa Dar es Salaam. Mechi za nyumbani nilizikosa chache mno. Niliporudi usiku nilifunga tochi kwenye usukani kwa mpira wa tyubu. Kuna mwezi nilichagua tiketi badala ya tairi jipya, wiki mbili nikatembea na tairi lenye kiraka juu ya kiraka, fundi wangu wa Magengeni akaniambia hii sasa siyo baiskeli, ni suruali ya mkulima. Leo fremu tu ndiyo ile ya mzee. Vingine vyote nimebadilisha, kimoja kimoja.

Msimu wa 2019/20 ndio uliotumaliza. Ligi ilisimama Machi 2020 kwa sababu ya corona, ikarudi Juni, na Julai tukashuka pamoja na Singida United, Lipuli na Alliance. Hadi leo hatujarudi. Msimu ule ule Namungo ya Ruangwa, kule Lindi, ilikuwa imepanda, na washikaji wengi wakahamia huko wakisema kusini ni kusini. Siwalaumu. Ila Ruangwa siyo safari ya kunyonga, na mimi timu nisiyoweza kuifuata kwa baiskeli moyo wangu hauifiki.

Jioni ile tuliposhuka nilichelewa kurudi nyumbani makusudi. Nilijua mzee ananisubiri na redio yake, na utani wa miaka sita. Nikaegemeza baiskeli kwenye mwembe, nikaingia, nikasalimia. Redio ilikuwa imezimwa. Akanisogezea kahawa.

"Nimesikia," akasema.

"Ndiyo baba."

Tukanywa. Baadaye akatazama nje, kwenye mwembe.

"Na baiskeli je?"

Nikamwambia, kama anaitaka ni yake, kwani ilikuja na Ndanda.

"Hapana. Tuliandikiana wakitufunga ni yako. Wakishuka hatukuandikiana." Akamwaga machicha ya kahawa mlangoni. "Ila kesho alfajiri niazime. Na hiyo breki, bado."