Luang Prabang: wali wa alfajiri na majirani wanaohama

Wadau, kuna watu wamenisumbua muda mrefu nieleze ile safari yetu ya Laos, mimi na mama watoto, ya Novemba 2023. Nimekuwa nakwepa kwa sababu nilijua nikianza itabidi niseme na ile aibu ya kamera. Haya, leo naeleza yote.

Kwanza mahali penyewe. Laos haina bahari. Imezungukwa na Thailand, Vietnam, China, Kambodia na Myanmar. Luang Prabang iko kaskazini, pale mto Nam Khan unapoingia mto Mekong. Mito hiyo miwili imeacha ulimi wa ardhi wenye urefu wa kama kilomita moja tu, na sehemu ya zamani ya mji imekaa hapo. Ukitembea pole pole nusu saa umeimaliza. Ila mji huo mdogo una mahekalu ya Kibuddha zaidi ya 30! Hapa ndipo ulipoanzia ufalme wa Lan Xang mwaka 1353, jina lenye maana ya tembo milioni moja. Makao makuu yalihamia Vientiane karne ya 16, mfalme wa mwisho akaondolewa mwaka 1975, na ikulu yake sasa ni makumbusho. Mwaka 1995 UNESCO wakauingiza mji kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, orodha ile ile ambayo Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001.

Zamani kufika huko ilikuwa shughuli. Tangu Desemba 2021 kuna treni iliyojengwa na Wachina, kutoka Vientiane ni kama saa mbili. Sisi tulikuja kwa boti ya polepole kutoka mpakani na Thailand, siku mbili mtoni, kwa sababu mama watoto alitaka kuuona Mekong. Aliuona. Mimi niliona benchi la mbao.

Sasa tuje kwenye kile kinachowapeleka watu huko. Kila siku, kama saa kumi na moja na nusu alfajiri, watawa wanatoka mahekaluni wakiwa peku, majoho ya rangi ya chungwa, mkubwa mbele na watoto nyuma, kila mmoja ana bakuli lenye kifuniko begani. Wakazi wanakuwa wamepiga magoti pembeni ya barabara, mtandio umepita begani, vikapu vya mianzi mbele yao. Mtawa akipita unamega tonge dogo la wali wa kunata unalitia bakulini. Hakuna anayeongea. Mtawa hasemi asante, na hili lilinishangaza mpaka nilipoelezwa: anayepata ni mtoaji, maana thawabu ni yake. Kama kuna wa kushukuru ni wewe uliyepewa nafasi ya kutoa. Wenyewe wanaita tak bat.

Kuhusu huo wali, usifikirie wali wetu wa nazi. Mchele unalowekwa usiku kucha, unapikwa kwa mvuke ndani ya kikapu cha mianzi, unatoka umeshikana. Unaliwa kwa mkono, unamega, unafinyanga, unachovya. Mtu wa ugali hapati shida kabisa. Kitoweo cha kuchovya cha mji huo kinaitwa jeow bong, pilipili iliyosagwa yenye vipande vya ngozi ya nyati wa kufugwa. Mama watoto alikula siku nne mfululizo, mimi niliishia siku ya kwanza.

Basi asubuhi yetu ya kwanza tukaenda barabara kuu. Nilijua masharti: kaa mbali, funika mabega, usipige flashi, usiwazuie njia. Vibao vipo na gesti wanakwambia. Lakini bwana, pale barabarani kulikuwa na mabasi madogo yameshusha watu, viti vya plastiki vimepangwa, wachuuzi wanauza wali tayari kwa wageni, na kamera nyingi kuliko watawa. Ukiona kila mtu anasogea, na wewe unasogea. Nikasogea. Nikabonyeza. Flashi ikawaka usoni mwa mtoto wa kama miaka 12, aliyekuwa wa mwisho kwenye mstari. Hakusema kitu. Alifumba macho, akasimama kidogo kama mtu aliyepoteza njia, akaendelea.

Nilipogeuka mama watoto hayupo. Nikamkuta gesti anakunywa chai. "Baba Neema, ungefurahi mtu akuwashie taa usoni ukiwa kwenye sala?" Nilijaribu kusema haikuwa makusudi, kwamba kamera ilijiweka yenyewe. Akaniangalia tu. Siku ile tulitembea mji mzima kama watu wawili waliokutana stendi. Hata Wat Xieng Thong, hekalu la mwaka 1560 hivi lenye paa zinazoshuka karibu na ardhi na ukuta wa nyuma wenye mti mkubwa wa vipande vya vioo, tuliliangalia kila mtu kivyake.

Aliyetupatanisha, bila kujua, ni mama mwenye gesti. Ni mtu mzima wa makamo ya bibi, nyumba ni ya wazazi wake, na binti yake ndiye aliyekuwa akitutafsiria. Mama watoto alimwomba radhi kwa niaba yangu (mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo!) na mama yule akacheka, akasema tatizo kubwa la watawa siku hizi siyo kamera. Tatizo ni nani atawapikia.

Hapo ndipo nilipoelewa utaratibu wenyewe. Mtawa wa madhehebu yao hapiki na haruhusiwi kuweka akiba ya chakula mpaka kesho, na ikishapita saa sita mchana hali tena. Kwa hiyo kila siku anaanza bakuli likiwa tupu. Imepangwa hivyo makusudi, ili hekalu lisiweze kuishi bila mtaa. Na mtaa nao unahitaji hekalu: kwa maziko, kwa kubariki nyumba mpya, kwa watoto wa kiume wanaokwenda kuvaa joho miezi michache au miaka. Kila hekalu lina mtaa wake na kila mtaa una hekalu lake. Wakipita mlangoni mwako wanajua nyumba ya nani, na wewe unajua yule mdogo ni mtoto wa nani.

Sasa UNESCO ilipoutangaza mji, wageni wakaja. Nyumba ya mbao ya zamani ikawa mali. Sheria za urithi zinalinda nyumba vizuri sana: huwezi kubomoa ovyo, huwezi kupandisha ghorofa, hata vifaa vya kujengea vinaangaliwa. Lakini hakuna sheria inayosema familia isihame. Mtu anakuja na fedha za kukodi nyumba miaka mingi, familia inajenga nyumba mpya nje ya mji, yenye nafasi ya gari na choo kizuri. Kuna ubaya gani? Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo, na nadhani na wewe. Ila nyumba ikishakuwa gesti, alfajiri hakuna anayewasha moto. Wataalamu wa UNESCO waliokwenda mwaka 2007 walishaonya juu ya presha ya utalii kwa mji na mila zake. Yale mabasi madogo na wali wa kuuzwa unaziba pengo kwa macho tu, maana mgeni anatoa siku moja halafu anapanda treni. (Kuna pia bwawa kubwa la umeme linalojengwa kwenye Mekong, kama kilomita 25 juu ya mji, lakini hilo ni la siku nyingine.)

Na sisi tulikuwa tumelala wapi? Kwenye chumba kilichokuwa cha kaka yake mama yule. Alikuwa amebaki peke yake na binti. Ndugu zake wote wako nje ya mji na wanataka nyumba ikodishwe yote. Hakuwa na hasira nao. Alisema wana watoto wa kusomesha.

Jioni tulikwenda Big Brother Mouse, ofisi ya wachapishaji wa vitabu vya watoto, ambapo wageni wanakaribishwa kuongea Kiingereza na vijana wanaojifunza. Akakaa nasi mtawa mwanafunzi wa miaka 17. Aliniuliza Tanzania inapakana na nchi gani, nikazitaja zote nane kwa fahari. Alisema alikuja mjini kwa sababu kijijini kwao milimani sekondari ni mbali, na hekalu linampa shule na pa kulala. Wengi wenzake ni hivyo hivyo. Kumbe wale watoto wa kwenye picha za kalenda ni wanafunzi wa bweni ambao mtaa ndio unaowalisha. Nilimweleza habari ya flashi. Akasema huyo mdogo atakuwa ameshasahau. Mama watoto akasema yeye hajasahau, tukacheka wote watatu.

Usiku wa mwisho mama watoto alimsaidia mwenyeji wetu kupepeta na kuloweka mchele. Alfajiri hatukwenda barabara kuu. Tulikaa ndani, dirisha limefunguliwa nusu, kamera ikiwa mkobani. Mama alipiga magoti mlangoni kwake peke yake. Walikuja kama 11, akawatilia mmoja mmoja, wakaendelea. Nikawa nahesabu: kutoka mlango wake mpaka kwa bibi mwingine aliyekuwa amepiga magoti mbele, watawa walipita nyumba saba. Zote gesti, mapazia yamefungwa, viyoyozi vinanguruma.

Treni yetu ilikuwa saa nne. Mama alitufungia wali uliobaki kwenye jani la mgomba.