Galoni Ipi, na kwa Muda Gani?

Maji ya chemchemi za Mzima, katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, ni mvua iliyonyesha kwenye Milima ya Chyulu. Huzama katika majivu na miamba ya volkano, huchujwa humo katika safari ndefu ya chini kwa chini, kisha huibuka maangavu mahali ambapo pande zote ni nyika kavu. Tangu miaka ya 1950 sehemu ya maji hayo hupelekwa Mombasa kwa bomba lenye urefu wa takribani kilomita 220. Vitabu vya wageni na vipeperushi vya utalii vimezoea kusema kwamba Mzima hutoa galoni milioni 50 kwa siku. Msomaji wa leo, ambaye hununua maziwa na mafuta kwa lita, atataka kujua hizo ni lita ngapi, na hapo atakutana na majibu mawili. Zikiwa galoni za Uingereza, ni lita milioni 227. Zikiwa za Marekani, ni lita milioni 189. Tofauti ya majibu hayo ni lita milioni 38 kila siku, yaani madumu milioni 1.9 ya lita 20. Bomba la Mombasa lilikusudiwa kupitisha kiasi cha lita milioni 35 kwa siku. Kwa hiyo anayekosea galoni hapa anapoteza kwenye karatasi maji mengi kuliko yale ambayo mji huo hupata kutoka chemchemi hizo.

Ninachoshikilia ni kwamba ugumu wa kubadilisha vipimo vya mtiririko hauko katika kuzidisha na kugawanya. Mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kufanya hesabu hiyo. Ugumu uko katika kujua namba iliyo mbele yako ilitoka kwa nani, ilipimwa kwa chombo gani na katika muda gani. Kipimo cha mtiririko ni mambo mawili yaliyofungwa pamoja, ujazo na muda, na kila kimoja kina mtego wake. Anayekimbilia namba ya kuzidishia kabla ya kuuliza maswali hayo atapata jibu lililonyooka kihesabu, lakini linalozungumzia maji mengine.

Chanzo cha galoni kuwa mbili ni historia ya biashara. Mwaka 1707, wakati wa Malkia Anne, sheria ya Uingereza iliweka galoni ya mvinyo kuwa inchi za ujazo 231. Galoni ya bia ilikuwa nyingine, kubwa zaidi, ya inchi za ujazo 282. Makoloni ya Amerika yalipojitenga, yalibaki na ile ya mvinyo, na mpaka leo galoni ya Marekani ni hiyohiyo, lita 3.785. Waingereza walichoshwa na utitiri huo, na mwaka 1824 wakafuta galoni zao za zamani na kuweka moja mpya: ujazo wa ratili 10 za maji yaliyopimwa katika joto maalumu. Hiyo ndiyo galoni ya lita 4.546 iliyosambaa katika himaya yao, na utawala wao ulipofika Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, ndiyo waliyokuja nayo. Ndiyo sababu, kama hakuna ushahidi mwingine, taarifa ya maji iliyoandikwa Kenya, Uganda, Tanganyika au Zanzibar enzi ya ukoloni isomwe kwa galoni ya Uingereza. Kwa msingi huo nazihesabu galoni za Mzima kuwa lita milioni 227, si 189. Futi za ujazo hazina utata wa namna hii. Mwaka 1959 Marekani, Uingereza na nchi nyingine kadhaa zilikubaliana kuwa inchi ni milimita 25.4 kamili, kwa hiyo futi moja ya ujazo ni lita 28.32, awe anaipima Mmarekani au Mwingereza. Mto ukiandikwa kwa futi za ujazo kwa sekunde, zidisha kwa 28.32 upate lita kwa sekunde, kazi imekwisha.

Wapo watakaosema kwamba galoni ya Uingereza inaizidi ya Marekani kwa asilimia 20 tu, na kwamba katika maji, ambako mvua yenyewe haitabiriki, asilimia 20 si kitu. Hoja hiyo ina uzito kwa mtu anayekisia wingi wa mto kwa macho. Haina uzito kwa anayenunua bomba. Maji yanayokwenda kwa kasi ndani ya bomba hupoteza presha kwa sababu ya msuguano, na hasara hiyo hupanda karibu na mraba wa mtiririko. Ukiongeza maji kwa asilimia 20 katika bomba lilelile, msuguano hupanda kwa takribani asilimia 40 au zaidi kidogo. Pampu iliyochaguliwa kwa hesabu ya galoni ndogo italazimika kusukuma dhidi ya upinzani ambao haikununuliwa kwa ajili yake. Itafikisha maji pungufu, nayo itakula umeme au dizeli zaidi kwa kila dumu kuliko ilivyopangwa. Kosa la upande wa pili si afadhali: kijiji kilichopangiwa maji kwa galoni kubwa, kumbe chanzo kilipimwa kwa ndogo, kitapungukiwa takribani asilimia 17 siku ya kwanza tu bomba linapofunguliwa, kabla kiangazi hakijaanza.

Wengine watauliza kwa nini tuhangaike na haya yote ilhali simu ya mkononi inabadilisha kipimo chochote kwa kufumba na kufumbua. Simu hubadilisha kile ilichoambiwa. Ukiandika galoni bila kuchagua aina, programu nyingi huchukua ya Marekani, na jibu linatoka na desimali nyingi zinazompa msomaji imani isiyo na msingi. Hizo desimali zenyewe ni tatizo la pili. Aliyeandika galoni milioni 50 alitumia namba iliyokadiriwa. Inawezekana siku ya kupima zilikuwa 48 au 53, na chemchemi hupanda na kushuka kufuatana na mvua za miaka iliyopita. Kuandika kwamba ni lita 227,304,500 ni kudai uhakika ambao mpimaji wa kwanza hakuwa nao. Jibu la kweli hapo ni lita milioni 230 hivi kwa siku, au mita za ujazo 2.6 kwa sekunde. Namba iliyovuka kutoka kipimo kimoja kwenda kingine haipaswi kufika ikiwa na uhakika zaidi ya ule iliyoondoka nao.

Wala utaalamu peke yake si kinga. Julai 23, 1983, ndege ya Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa angani, ikateleza bila injini hadi uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli, Manitoba, na watu wote 69 waliokuwamo wakatoka hai. Canada ilikuwa ikihamia vipimo vya metriki wakati huo. Ndege ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Waliokokotoa walizidisha lita zilizokuwamo kwa 1.77, ambayo ni uzito wa lita moja ya mafuta hayo kwa ratili, badala ya takribani 0.8, uzito wake kwa kilo. Ndege ikaondoka na ratili 22,300, chini ya nusu ya mafuta yaliyohitajika. Hesabu ilirudiwa na jibu likawa lilelile kila mara, kwa sababu namba ileile ya kuzidishia ndiyo iliyorudiwa. Mtu anaweza kuhakiki kuzidisha kwake mara kumi na bado asiguse kosa lilipo.

Hadi hapa nimelaumu galoni, na ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba tukiiacha tumepona. Hilo silikubali, na hapa ndipo nadhani mjadala wetu wa vipimo hukatika mapema mno. Metriki imerahisisha ujazo kwa kuweka makumi na maelfu, lakini haikugusa saa. Dakika bado ina sekunde 60, saa ina sekunde 3,600, siku ina 86,400. Lita moja kwa sekunde ni mita za ujazo 3.6 kwa saa na mita za ujazo 86.4 kwa siku. Mtu akisoma 5 kwenye karatasi ya pampu akadhani ni lita kwa sekunde, kumbe ni mita za ujazo kwa saa, amekosea mara 3.6, kosa kubwa kuliko lile la galoni mbili kwa mbali sana, na hakuna kipimo cha Kiingereza popote karibu. Akichanganya mita za ujazo kwa saa na lita kwa dakika, amekosea karibu mara 17. Kwa hiyo kabla ya kuuliza galoni ipi, au sambamba na swali hilo, lazima kuuliza kwa muda gani.

Muda wenyewe una mtego usioonekana kwenye namba yoyote ya kuzidishia. Kisima kirefu kilichoandikwa galoni 1,000 za Uingereza kwa saa kinatoa mita za ujazo 4.5 kwa saa. Zidisha kwa 24 na utapata mita za ujazo 109 kwa siku, namba inayopendeza sana kwenye andiko la kuombea fedha. Lakini pampu ya sola hulala usiku, na ya dizeli huendeshwa saa chache ili mafuta yatoshe. Ikifanya kazi kwa nguvu zake zote saa sita, kijiji kinapata mita za ujazo 27, robo ya ahadi. Pia kibandiko cha pampu mara nyingi huonyesha mtiririko wa juu kabisa, ule unaopatikana pampu isipopandisha maji mahali popote. Maji yakishapandishwa mita 40 hadi kwenye tenki, mtiririko hushuka. Hakuna kosa la kubadilisha vipimo katika mifano hii miwili. Kuna namba sahihi iliyoondolewa kwenye masharti yake.

Pingamizi la mwisho ni la kisheria: nchi zetu zilihamia metriki baada ya uhuru, basi mambo ya galoni tuwaachie Wamarekani. Laiti ingekuwa hivyo. Taarifa za visima vya enzi ya ukoloni ziliandikwa kwa galoni kwa saa, na mara nyingi hakuna kipimo kingine cha zamani cha kulinganisha nacho ili kujua kama maji ya ardhini yamepungua. Kuzitupa ni kujinyima kumbukumbu. Kuzisoma vibaya ni kuona upungufu ambao haupo, au kutouona uliopo. Mabomba bado yanauzwa kwa inchi katika maduka yetu, na pampu zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani huja na kibandiko cha galoni kwa dakika. Nchi za Ghuba, ambako Waswahili wengi wana ndugu, zimeonyesha njia ya kuishi na hali hii. Huko mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari bado hutajwa kwa mamilioni ya galoni kwa siku, lakini kifupisho cha kipimo hubeba herufi inayosema wazi kwamba ni galoni ya Uingereza. Kwa herufi moja mhandisi wa Muscat anajua kwamba milioni moja ni mita za ujazo 4,546, si 3,785.

Hatua hiyohiyo inatutosha sisi. Anayebadilisha namba ya zamani aiache ya mwanzo ionekane, aandike pembeni ni galoni ipi, kisha aandike mpya. Kwa hesabu ya haraka, galoni 11 za Uingereza ni lita 50, karibu kamili kabisa. Lita moja kwa sekunde ni galoni 13.2 za Uingereza kwa dakika, au 15.85 za Marekani. Ushahidi wa tofauti hiyo umesimama nyuma ya maduka mengi: lile pipa kubwa la chuma la mafuta, ambalo Waingereza waliliita la galoni 44 na Wamarekani huliita la galoni 55, ingawa pipa ni moja, la lita 200 na kidogo.

Pipa hilo laweza kutatua shaka ambayo karatasi imeshindwa kuitatua, hasa pampu mpya inapowashwa na hakuna ajuaye kibandiko chake kilikusudia galoni gani. Jaza kwanza pipa kwa dumu la lita 20 mara kumi na uweke alama pale maji yalipofika. Limwage, elekeza bomba ndani yake, uanze kuhesabu kwa saa ya simu. Mtiririko wa galoni 1,000 za Uingereza kwa saa utafika kwenye alama kwa sekunde 158. Wa galoni 1,000 za Marekani utachukua sekunde 190. Tofauti ya nusu dakika haihitaji chombo cha maabara, na ikiandikwa pamoja na tarehe, saa na kina cha maji kisimani, fundi atakayekuja miaka 30 baadaye hatahitaji kubahatisha.