Ubongo kwenye kisahani, roboti sakafuni

Msomaji wangu, piga picha roboti ndogo ya magurudumu. Inaukaribia ukuta, inakata kona. Nani kaiambia? Seli hai za ubongo wa panya, zilizokuzwa maabara.

Si hadithi. Mwaka 2008, Kevin Warwick na Ben Whalley wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walionyesha roboti ya namna hiyo. Waliiita Gordon.

Sasa ilikuwaje? Seli za neva zilitolewa kwenye kijusi cha panya, zikatenganishwa, zikawekwa kwenye kisahani chenye majimaji ya lishe. Zenyewe zikaanza kuota nyuzi na kuungana upya. Chini ya kisahani kuna elektrodi zipatazo 60, vincha vidogo vinavyosikiliza mapigo ya umeme ya seli na kuzipa shoti ndogo. Roboti ikihisi ukuta, seli zinapigwa shoti. Zikijibu, kompyuta inageuza jibu kuwa amri kwa magurudumu. Kisahani hakipandi juu ya roboti. Kinabaki kwenye joto la nyuzi 37, na mawasiliano yanapita kwa Bluetooth.

Usidhani humo kuna panya anayefikiri. Ni mtandao mdogo tu wa seli, na Gordon kuna wakati aligonga ukuta.

Sasa mtu wa Chato hayo yananihusu nini? Yananihusu sana. Ukanda wetu wa Geita, wachimbaji wadogo hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha huchoma mchanganyiko huo, mara nyingi nje tu, wengine karibu na nyumba. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Ukiuvuta, unaingia kwenye damu hadi ubongoni. Mikono inaanza kutetemeka, kumbukumbu inapungua. Ndiyo maana ukimwambia mtu "hiyo ni sumu", anaona maneno tu.

Kisahani kile kinaweza kumwonyesha. Watafiti wakiweka methilizebaki, ile aina ya zebaki inayojikusanya kwenye samaki, mapigo ya seli yanafifia kwenye skrini, hata pale seli zenyewe hazijafa.

Seli hizo ni ndugu wa zile za kichwani mwako, na zako nyingi zikifa hazioti tena. Kama nyumbani kuna anayechoma dhahabu, mwambie atumie chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke, na watoto wakae mbali. Gordon akigonga ukuta anarudi nyuma. Sisi hatuna hiyo nafasi.